Enanga Nje ya Mpaka wa Mji

Shangazi yangu Kokuhirwa aliuza samaki wakavu katika soko la Bukoba miaka mingi kabla sijazaliwa. Haya ninayosimulia nimeyapata kwake, na mengine kwa baba yangu, Gamaliel, mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya mji. Hawakuyasimulia kwa namna moja. Shangazi alianzia kwenye sauti, baba alianzia kwenye amri. Mimi nitaanzia kwa mtu mwenyewe.

Aliitwa Karugendo. Alikuwa mtu wa Kimwani, huko kusini upande wa Muleba, Mkatoliki, na baba yake alikuwa mpiga enanga katika baraza la mukama, mtawala wa huko. Enanga ni ubao mrefu uliochimbwa kama sinia, ukatandikwa uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe unaokwenda na kurudi mpaka ubao mzima umejaa nyuzi. Haipigwi kwa nguvu. Mpigaji huketi akaipakata kama mtu apakatavyo mtoto, akaimba juu yake. Sauti yake ni ndogo, kwa hiyo anayetaka kuisikia lazima asogee, na akishasogea lazima anyamaze.

Karugendo alifika Bukoba baada ya vita vya Hitler, juu ya lori la kahawa ya baba yake mdogo. Lori liliharibika. Wakati fundi anahangaika nalo, yeye aliketi kwenye ngazi za soko, akaitoa enanga kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti alichoifungia, akaanza kupiga ili siku ipite. Lori likapona, likarudi Kimwani bila yeye.

Alichokifanya pale kwenye ngazi hakikuwa kile baba yake alichokifanya kwa mukama. Baba yake aliimba habari za vita vya zamani na ng'ombe waliotekwa. Karugendo aliimba waliokuwa wanapita. Akipita mwanamke mwenye mkungu wa ndizi mrefu kuliko yeye, mkungu ule uliingia katika wimbo. Akipita mwalimu aliyevua viatu asivichafue, viatu vile viliingia, na tope likaingia likiuliza kwa nini limenyimwa viatu vya mwalimu. Watu walicheka, lakini si kicheko cha kumdhalilisha mtu. Shangazi alisema mtu aliondoka pale ametulia, kama aliyeitwa kwa jina lake katika mji ambao kwa kawaida haukumjua.

Safu ya samaki ilikuwa imeelekeana na ngazi zile, na Kokuhirwa ndiye aliyekaa karibu zaidi. Alikuwa mwanamke wa Nshambya, mlimani juu ya mji, Mlutheri wa tangu utoto, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya. Mumewe, Mwijage, alikuwa amevuka mpaka kwenda Buganda kutafuta kazi. Mwanzo zilikuja salamu kupitia kwa watu, baadaye salamu zikawa za mbali, baadaye zikakoma. Hakuwa mke na hakuwa mjane. Alilima kibanja chake, shamba la migomba, asubuhi, akashuka sokoni, akarudi jioni, na katika nyumba yake hapakuwa na mtu wa kumwambia yaliyotokea siku hiyo. Karugendo alipoanza kukaa kwenye ngazi, Kokuhirwa aliona kwamba yaliyotokea siku hiyo yalikuwa yameshasemwa, na vizuri kuliko ambavyo yeye angeyasema. Alikwenda nyumbani akiwa mwepesi.

Kisha alikuja bwana mpya, Mwingereza, wa kusimamia mji. Baba hakupata kumsema vibaya, ila alisema alikuwa mtu aliyependa mistari iliyonyooka. Mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa. Vinyozi waliondolewa chini ya miti. Wauza samaki walisogezwa nyuma, mahali penye maji yaliyotuama, ili harufu isiwafikie wanaoteremka kutoka kwenye meli. Karugendo akaimba kwamba mawe ya Bukoba yamevishwa kanzu nyeupe yaende kanisani, na mama zetu wamekaa topeni wakiyashangilia. Bwana alikuwa akipita. Alisimama, akamwuliza Gamaliel watu wanacheka nini. Gamaliel akamtafsiria neno kwa neno, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake, na pia kwa sababu alidhani mtu yeyote angecheka.

Bwana hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu kwamba watu wamejaa mpaka malori hayapiti.

Wiki ile ilitoka amri: ndani ya mji ngoma isipigwe bila kibali. Karugendo hakuona ubaya wowote. Alikwenda ofisini akiwa amevaa kanzu safi, akaomba kibali. Gamaliel alimpokea na kuingia kuuliza. Alirudi akasema kwamba kibali hutolewa kwa ngoma za sikukuu, uwanjani, na kwamba anayeomba aeleze ngoma yake ni ipi na wachezaji ni wangapi. Karugendo akasema hana ngoma, ana enanga, na wachezaji hana. Gamaliel aliingia tena. Alipotoka alisema kwamba kama si ngoma basi kibali hakipo, kwa kuwa vibali vilivyopo ni vya ngoma.

"Basi kama si ngoma, amri hainihusu," Karugendo alisema.

Gamaliel alikwenda kuuliza hilo nalo. Jibu lilikuwa kwamba amri inamhusu.

Karugendo alirudi kwenye ngazi Jumamosi iliyofuata, kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Askari wawili walikuja, wakamwomba kwa adabu aondoke, naye kwa adabu akakataa, na mmoja wao akaichukua enanga. Kokuhirwa aliniambia kwamba aliyeichukua alikuwa mtu wa kwao Nshambya, na aliibeba kwa mikono miwili, ameinyoosha mbele, kama abebaye kitu asichotaka kimguse. Ilifungiwa stoo ya ofisi pamoja na majembe na ndoo za chokaa. Siku chache baadaye ilirudishwa, na onyo.

Barabara iendayo Nshambya ilikuwa na jiwe jeupe la kuonyesha mwisho wa mji. Upande huu wa jiwe palikuwa mji, upande ule palikuwa migomba ya watu. Karugendo alikwenda akaketi hatua chache nje ya jiwe lile, chini ya mti wa mbuni uliokuwa umeinamia barabara, akapiga. Askari walikuja, wakalitazama jiwe, wakamtazama yeye, wakarudi mjini.

Shangazi aliziita siku zile siku zake. Soko likifungwa, watu walipanda barabara kumfuata. Walikuwa wakulima, wapagazi wa forodhani, wanawake wenye vikapu vitupu, na hata karani mmojammoja aliyejifanya anakwenda kusalimia ndugu. Waliketi kwenye majani makavu ya migomba. Aliyekuwa na lubisi, pombe ya ndizi, alileta kibuyu, aliyekuwa na kahawa ya kutafuna aliipitisha. Kwa Kokuhirwa ilikuwa ndiyo njia ya nyumbani, hivyo hakuna aliyeweza kumwuliza amefuata nini. Wengine wakiondoka yeye alibaki kidogo, akifunga kikapu ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Walizungumza mambo madogo tu. Alimweleza Karugendo yaliyotokea sokoni, maana yeye sasa hakuyaona: nani amegombana na nani, mzigo gani umeanguka majini, mwanamke gani amekuja na kitenge kipya akakaa nacho vibaya. Kesho yake mambo yale alikuwa akiyasikia ndani ya wimbo. Alihisi kama aliyetoa unga akarudishiwa chakula.

Jioni moja Karugendo aliweka enanga pembeni akamwambia, "Twende Kimwani. Nyumba ipo, kibanja kipo, na mama yangu ameshachoka kuniuliza."

"Nimefunga ndoa kanisani, waitu," Kokuhirwa alijibu kwa neno la heshima la kwao. "Mwijage hajafa."

"Wala haishi nawe."

Kokuhirwa alichukua kikapu chake akapanda mlima. Kesho yake alipita tena, wakasalimiana kama kawaida, na hakuna aliyelirudia neno lile. Lakini tangu siku hiyo, aliniambia, alikuwa akilala na kuamka nalo.

Mji ulikuwa unakua. Walikuja watu wenye minyororo ya kupimia na bendera nyekundu, wakapita katikati ya vibanja, na mwisho wa kupima kwao jiwe jeupe liling'olewa likapandwa mbali, juu zaidi, likiipita nyumba ya Kokuhirwa. Hakuna aliyesema kwamba lilisogezwa kwa ajili ya mpiga enanga. Baba aliapa kwamba halikuwa hivyo, kwamba ramani ilikuwa imechorwa siku nyingi kabla. Ila askari walikuja siku ileile wakamwambia Karugendo kwamba mbuni wake sasa uko mjini.

Alisogea. Akakaa nje ya jiwe jipya. Lakini mtu aliyesimama sokoni tangu asubuhi, aliyebakiwa na njia ndefu ya kwenda kwake, hakuweza kupanda mpaka kule kwa ajili ya wimbo. Waliofuata walipungua. Kokuhirwa sasa alikuwa akiifikia nyumba yake kabla hajamfikia yeye, na kumfikia kulitaka aipite nyumba yake mwenyewe huku majirani wanaona. Alipita mara kadhaa. Alisema anakwenda kuchota maji, ingawa kisima kilikuwa upande mwingine. Mzee mmoja wa kanisa, Ishengoma, alimwuliza kwa upole kama kisima kimehama. Hakupita tena.

Mvua zilipoanza, Karugendo alirudi Kimwani na lori la kahawa. Lilishuka likapita katikati ya mji, naye juu ya magunia, enanga imefungwa ndani ya lubugo, kimya, kama sheria ilivyotaka. Kokuhirwa alimwona akipita. Alinyanyua mkono wenye samaki, akaushusha.

Kilichofuata hakina matukio, na ndicho alichonisimulia kwa muda mrefu zaidi.

Hakuumia kwa kumkosa Karugendo mwanzoni, alisema, kwa namna aliyoitazamia. Alichokikosa ni mambo yenyewe yakiimbwa. Mbuzi alikatika kamba akaingia katika duka la vitambaa akatoka amejitanda shuka la maua, na soko zima likaangua kicheko. Katikati ya kicheko Kokuhirwa alifikiri, hili lingeimbwa. Halikuimbwa. Lilikwisha palepale. Bibi arusi aliteleza kwenye gati akadakwa na mpagazi asiyemjua. Mzee alilia kwa sababu ya kunusa tumbaku ya aina aliyovuta mwanawe aliyefia Burma. Kila kitu kilitokea mara moja tu kisha kikapotea, na yeye akawa anakwenda nyumbani amebeba siku nzima kichwani bila mahali pa kuitua. Jioni alipita penye mbuni ulioinamia barabara. Palikuwa mjini sasa, na ofisi ilikuwa imepanda ua wa michongoma. Alipita akiangalia mbele. Usiku wa kuamkia Jumapili ilikuwa vibaya zaidi, na kanisani aliimba sauti ya pili huku vidole vyake, chini ya kitabu cha nyimbo, vinatafuta nyuzi.

Ilikuja habari kwamba mgeni mkubwa kutoka London, wa mambo ya makoloni, angetembelea Bukoba. Bwana wa mji alitaka apokewe na bendi ya shule, na wanawake wenye mikungu, na kitu cha kale cha wenyeji. Gamaliel aliitwa akaulizwa habari za yule mtu aliyekuwa akipiga kile kibao chenye nyuzi. Je, bado yupo? Gamaliel alisema yuko kwao, mbali. Akapewa gari na dereva akamlete.

Kokuhirwa alikuja mbele ya nyumba ya mdogo wake kabla gari halijaondoka, amejifunga kitambaa chake cha kanisani, akasema anakwenda Kamachumu kumsalimu binamu yao Jovita, kwa kuwa gari linapita. Gamaliel alimjua dada yake. Akamfungulia mlango. Walipofika Kamachumu hakushuka, na Gamaliel hakumwuliza.

Walimkuta Karugendo kibanjani akikata majani makavu ya migomba. Alinawa mikono, akawakaribisha, akaleta kahawa kwanza kama inavyotakiwa, ndipo akasikiliza. Gamaliel alieleza habari za mgeni. Karugendo alikuwa akimtazama Kokuhirwa wakati wote.

"Walioniita ni walewale?" aliuliza.

"Ni walewale," Gamaliel alisema.

"Na watu wa soko watakuwepo?"

"Watakuwepo."

"Basi nakuja."

Siku ya mgeni, uwanja karibu na ziwa ulikuwa umefyekwa. Upande mmoja palikuwa na hema na viti, meza ya chai, na wakubwa. Upande wa pili, ng'ambo ya kamba ndefu iliyofungwa kwenye vijiti, walikuwa watu wote wengine. Bendi ilipiga, ikasikika mpaka milimani. Kisha Karugendo aliongozwa mpaka mbele ya hema, akaonyeshwa mkeka, akaketi kuwaelekea wageni, akaanza.

Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Watu wa nyuma ya kamba hawakusikia kitu. Walimwona mgongo wake ukienda na kurudi, na wageni wakinywa chai. Kokuhirwa alikuwa mbele kabisa, kamba inamgusa tumboni. Alisema watu walianza kwa kulalamika, halafu bila mtu kuamrisha wakaketi chini, wanawake kwanza, kisha wanaume, hata watoto wakanyamazishwa, uwanja ukawa kimya kiasi cha kusikia maji yakigonga mawe. Bado hawakusikia. Waliendelea kukaa vile, vichwa vimeinama mbele, wakisikiliza kitu kisichowafikia.

Sijui Karugendo aliujuaje ukimya ule nyuma yake. Pengine mtu wa kazi ile huuhisi shingoni. Aliacha kupiga katikati ya wimbo. Alisimama, akauvuta mkeka, akausogeza mpaka karibu na kamba, akaketi akiwaelekea watu, na hema lote likawa mgongoni kwake. Akaanza upya. Aliimba kwamba amekwenda mbali akasahau sura zao, na kwamba sasa anazihesabu moja moja. Akamtaja mama mwenye mkungu, na mpagazi wa forodhani, na askari wa Nshambya aliyeibeba enanga kama kitu cha moto, na askari yule, aliyekuwa amesimama kulinda kamba, akaangalia chini akitabasamu. Watu wazima walilia bila kujificha.

Chini ya hema bwana wa mji alikuwa amesimama, uso umekuwa mwekundu. Mgeni alimgeukia akauliza maana ya jambo lile. Bwana akamgeukia Gamaliel.

"Ni desturi, bwana," baba alisema kwa Kiingereza chake kizuri. "Mpiga enanga humpa mgeni mgongo kumwonyesha kwamba anamwamini."

Mgeni alifurahi sana. Alisema hajaona heshima ya namna hiyo mahali popote. Baba yangu aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na alifanya mambo ambayo watu walimsifia, lakini sentensi hiyo ndiyo aliyoirudia mara nyingi alipokuwa mzee.

Na furaha ile ya mgeni ndiyo iliyoleta mengine. Alikuja kwa miguu yake mpaka kwenye mkeka, akaomba kuishika enanga, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo uliolainishwa na mikono ya watu wawili, baba na mwana. Alisema huko kwao kuna nyumba ya makumbusho ambako kitu kama hiki kingetunzwa ndani ya kioo, kionwe na watu wa dunia nzima. Bwana wa mji alisema palepale, kwa sauti ya kusikika, kwamba ni zawadi kutoka kwa watu wa Bukoba. Makofi yalipigwa chini ya hema.

Karugendo alimwuliza Gamaliel wanasema nini. Gamaliel akamwambia. Alimwambia polepole, na alichelewesha kila neno, kwa kuwa alijua likimalizika patakuwa na kimya ambacho mtu mmoja atatakiwa kukijaza.

Karugendo hakubisha. Aliipakata mara nyingine, akalegeza uzi, akasema, "Waambie wasiukaze. Huko kwenye baridi utakatika." Kisha akaitoa.

Karugendo alipopanda lori la kurudi Kimwani, Kokuhirwa alikuwa kwenye stendi. Alichokiona ni mikono ya Karugendo. Haikujua ikae wapi. Aliiweka magotini, akaikunja kifuani, akaishika pembe za gunia. Lori lilipoondoka, shangazi yangu alikuwa ameshaamua.

Mahali pake sokoni alimwachia Ephrasia, mke wa jirani. Kwa mchungaji alikwenda mwenyewe, kabla hajaitwa, akasema anakwenda kuishi na mwanamume ambaye hawezi kufunga naye ndoa. Mchungaji alimsihi, kisha akamwambia kwamba atatengwa na meza ya Bwana, na wote wawili walikuwa na huzuni. Gamaliel alikasirika kwa siku kadhaa. Alitaja jina la ukoo, akataja kazi yake, akataja maneno ya watu. Siku ya safari alikuja akambebea mzigo mpaka kwenye lori.

Hapo ndipo hadithi ingekwisha kama ingekuwa ya mapenzi tu. Kokuhirwa alipata alichokitaka. Nyumba ilikuwa kavu, mama mkwe alikuwa mwema, kibanja kilizaa. Karugendo alichonga enanga nyingine, na ingawa alisema haijajifunza kusema, ilikuwa ikisema vya kutosha kwa watu wa kilima kile waliokuja jioni na vibuyu vyao. Lakini waliokuja walikuwa walewale. Mambo yaliyotokea yalikuwa yaleyale: ng'ombe amezaa, migomba imeangushwa na upepo, mtu ameoa. Karugendo aliyaimba yote mpaka yakaisha. Shangazi alianza kumwona, siku za Jumamosi, akikaa mlangoni ameelekea kaskazini, na akaitambua hali ile kwa sababu aliwahi kuwa nayo mwenyewe. Yeye alikuwa amemtamani mtu, na mtu alimpata. Karugendo alikuwa anatamani umati wa watu asiowajua, wanaopita bila kukoma, na hilo mke hawezi kumpa mumewe.

Gamaliel alikuja kuwatembelea wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, akiwa amevaa suti, amefurahi. Alikuwa amefanya kazi moja kimyakimya ofisini kwa zaidi ya mwaka, akimkumbusha bwana barua za shukrani za mgeni, akipeleka maombi, akiyarudisha, na sasa baraza la mji lilikuwa limekubali. Kibali cha enanga kilikuwa kimepatikana, cha kwanza cha aina yake. Karugendo angekaa kwenye ngazi zilezile za soko, Jumamosi alasiri, ndani ya mraba uliochorwa kwa chokaa. Kokuhirwa alikwenda jikoni ili wasimwone machozi.

Karugendo aliuliza kama kuna jingine.

Gamaliel alisema liko dogo. Nyimbo ziwe zinapelekwa ofisini siku mbili kabla, zisikilizwe.

"Nyimbo zipi?"

"Zile utakazoimba."

Karugendo hakuwa na hasira, baba alisema, alikuwa kama mtu anayetafuta kweli njia ya kulifanya jambo. "Nitajuaje nitakachoimba," alisema, "kabla sijaona nani anapita?"

Walikula senene na ndizi, wakazungumza habari za ndugu. Gamaliel alirudi Bukoba, akamwambia bwana kwamba mtu yule ni mgonjwa, na kwenye ngazi za soko walichora mraba ambao hakuna aliyewahi kukaa ndani yake. Mvua ziliufuta.

Baada ya ugeni ule Karugendo alianza tabia mpya. Jioni, watu wa kilima wakishaondoka, alimwomba mkewe amweleze soko. Nani amekaa wapi? Kokuhirwa alifumba macho akatembea safu baada ya safu: Ephrasia na samaki wake, mzee Ayubu na mikeka, yule kijana Mswahili wa chumvi, mwanamke wa Kamachumu anayepunguza bei kabla hajaombwa. Karugendo akawaimba, sauti ndogo, mtu mmoja mmoja, naye Kokuhirwa akicheka akiwa amefumba macho, na kwa muda fulani nyumba ile ilijaa watu. Miaka ilivyopita akawa anamwuliza vitu zaidi. Ephrasia bado yupo? Chumvi sasa anauza nani? Kokuhirwa alijibu kwa kukisia, na mumewe alisikia kwamba anakisia, akaendelea kupiga. Ikafika jioni alipomwuliza habari za safu ya samaki, ile safu yake mwenyewe, naye akasema, "Sijui tena, waitu. Sijui ni nani amekaa pale."

Karugendo akainamisha kichwa, akakaza uzi mmoja, akausikiliza, akaukaza tena, na jioni ile hakuna mtu wa soko aliyeimbwa.